Maswali ya Magari: Toyota wanaogopa nini?

SWALI: Salaam mjomba. Niko Ngamiani hapa hapa Tanga, nina Toyota ya 2018 imetoka Japani. Nikilisogelea lori la mkonge njia ya Muheza inalia pii pii na maandishi ya Kijapani yanatokea, ila usukani wangu mwanzo mwisho. Shemeji yangu wa Dar ananicheka, eti Tesla zinajiendesha zenyewe, Toyota wamelala. Kweli?

JIBU: Hawajalala mwanangu. Shemeji mwambie hata hiyo Tesla anayoisifia, mtu akinunua anaambiwa awe macho barabarani muda wote, yani bado dereva ni yeye. Toyota walilisema mapema, Januari 2017 bosi wao wa utafiti Gill Pratt alisimama Las Vegas akasema hakuna kampuni iliyo karibu na gari la kujiendesha kila mahali bila mtu, na wakati huo wenzake walikuwa wanaahidi mambo makubwa makubwa.

Alafu Machi 2018 kule Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber likamgonga mama anavuka usiku anakokota baiskeli, akafa. Kompyuta ilikuwa inabadilisha mawazo tu, mara ni gari, mara kitu hakijulikani, mara baiskeli, na dada aliyewekwa kwenye usukani kusimamia alikuwa anaangalia simu. Toyota wakasimamisha kwa muda majaribio yao kwenye barabara za Marekani. Sasa wewe fikiria baiskeli za Tanga jioni, hazina taa, na bodaboda anakuja kinyume!

Ndo maana gari lako linakaa kama mlinzi, wewe endesha, lenyewe likushtue na likamate breki ukizubaa. Maana binadamu ukimwambia akae tu aangalie, anasinzia, mie mwenyewe nisingekaa dakika kumi. Na hata hivyo 2021 kibasi cha Toyota cha kujiendesha kilimgonga mwanajudo asiyeona vizuri kwenye kijiji cha Paralimpiki, ile michezo ya watu wenye ulemavu, Tokyo, bosi mkuu wa Toyota wakati huo Akio Toyoda akaomba radhi hadharani.

Ila kuwa makini, kamera ya huyo mlinzi iko nyuma ya kioo cha mbele karibu na kile kioo cha kuangalizia nyuma, usibandike stika hapo, na fundi akibadilisha kioo kamera lazima ipangwe upya. Usijaribu breki kwa kumfuata mtu makusudi, nawajua nyie vijana. Hayo maandishi ya Kijapani piga picha utume tukusomee.