Rehani na Mauziano Si Kitu Kimoja

Mkopeshaji akikuletea mkataba wa mauziano ya nyumba yako, akakwambia usaini kwa kuwa eti ni utaratibu tu wa kupata mkopo, usisaini. Ndugu na majirani huniletea mikataba niwasomee, na karatasi ya aina hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Mama mmoja wa mtaani kwetu, Temeke, aliamini ameweka nyumba bondi. Karatasi ilisema ameuza.

Bondi, poni, dhamana: mtaani tunayatumia maneno haya kwa simu, kadi ya gari na kiwanja bila kutofautisha. Lakini simu ukiiweka bondi unamwachia mkopeshaji, na ukilipa unaichukua. Nyumba unaendelea kuishi humo, kwa hiyo kinachoamua ni nani mwenyewe ni maandishi.

Ujanja huu una mababu. Unguja na Pemba kulikuwa na bei khiyari. Mwenye shamba la karafuu alimuuzia mfanyabiashara, mara nyingi Mhindi, kwa sharti kwamba anaweza kulikomboa ndani ya muda waliokubaliana. Akabaki shambani kama mpangaji na kulipa kodi. Riba ni haramu katika Uislamu, na kodi ile ndiyo iliyokaa mahali pake. Muda ukipita bila fedha kurudi, shamba limekwenda. Madeni ya mashamba yalikuwa mazito hadi mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kubana uhamishaji wa ardhi ya Waarabu na Waafrika. Hata hivyo, bei khiyari ilimpa mkopaji haki ya kukomboa, tena kwa maandishi. Karatasi ninazoletewa mimi hata hiyo hazina.

Rehani ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba rehani ni dhamana tu, haihamishi haki yako kwenda kwa mkopeshaji. Ukishindwa kulipa, lazima akupe notisi kwanza. Na kama ni nyumba ya ndoa, mwenzi wako lazima aridhie. Mume hawezi kuiweka rehani kimyakimya.

Basi dai neno rehani liandikwe, pamoja na kiasi ulichokopa, riba na tarehe ya mwisho. Nyumba yenye hati, rehani isajiliwe. Ukimaliza deni usiridhike na kurudishiwa hati mkononi. Hakikisha rehani imefutwa kwa msajili pia.

Na kama umeshasaini mauziano, tunza kila ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba yalikuwa makubaliano ya mkopo, kila risiti ya marejesho, na majina ya walioshuhudia. Vipeleke kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria sasa, kabla tarehe ya kulipa haijafika.