Shangazi wa Safari: Je, lile ni kanisa au mahali pa matambiko?

*Shangazi, shikamoo. Mwezi wa Novemba kazi itanipeleka Guatemala City, na nitapata mwisho wa juma mmoja wa kupumzika. Wenzangu wananiambia nisikose Chichicastenango, mji wa milimani, nikaone soko na kanisa la Mtakatifu Tomaso, ambamo Wamaya huchoma ubani na kuzungumza na wahenga wao humohumo panaposomwa Misa. Mimi ni Mkatoliki, tena katekista. Natamani kwenda lakini roho inasita. Je, lile ni kanisa au mahali pa matambiko? Nikifika nisali, au nitazame tu? Picha je? Na usafiri ukoje?*
*Katekista mwenye mashaka*

Marahaba, mwanangu. Nenda. Tena ukiweza usiende Jumapili asubuhi na kurudi jioni. Panda Jumamosi mchana, ulale huko. Nitakueleza sababu, ila kwanza tumalize hilo linalokukosesha usingizi.

Lile ni kanisa. Lina paroko, lina Misa, na watoto hubatizwa pale. Lilijengwa karibu mwaka 1540, miaka kumi na sita hivi baada ya Pedro de Alvarado, kamanda wa Kihispania, kuuteketeza Q'umarkaj, mji mkuu wa Wak'iche', Wamaya wa eneo hilo, mwaka 1524. Waliolijenga walilisimamisha juu ya msingi wa hekalu la kale. Ngazi yake ya mbele ina vidato 18, na mwenyeji yeyote atakwambia ni miezi 18 ya kalenda ya Kimaya, kila mmoja siku 20. Maana yake watu walikuwa wakisali pale kabla msalaba haujafika, na ulipofika hawakuhama.

Wala usidhani mapadre wote walifumba macho. Kati ya mwaka 1701 na 1703 paroko wa mji huo alikuwa Mdominiko aitwaye Francisco Ximénez, aliyekijua Kik'iche' vizuri. Wenyeji walimwonyesha maandiko yao yanayosimulia jinsi miungu ilivyojaribu kuumba watu kwa udongo, kisha kwa mti, na mwishowe ikafaulu kwa unga wa mahindi. Ndiyo Popol Vuh. Ximénez aliyanakili, Kik'iche' upande mmoja na Kihispania upande wa pili. Maandiko aliyonakili yamepotea. Nakala yake ndiyo iliyobaki, na leo imehifadhiwa katika maktaba ya Newberry, Chicago. Wewe katekista litafakari hilo ukiwa njiani: kitabu cha asili cha Wak'iche' kimetufikia kwa mkono wa padre wa parokia.

Sasa ngazi yenyewe. Siku ya soko akina mama wauza maua hukaa juu yake tangu asubuhi, mafungu ya gladioli na mayungiyungi yamewazunguka, hata pa kukanyaga hupaoni. Chini kuna jiko la mawe lenye moto. Katikati yao utamwona *chuchqajaw*, kuhani wa mila, yule anayehesabu siku kwa kalenda takatifu ya siku 260 na kuwaombea watu. Chetezo chake usitegemee kiwe cha fedha. Niliyemwona mimi alikuwa na kopo la bati lililotobolewa kwa msumari pande zote na kufungwa waya mrefu. Ndani makaa, juu yake mapande ya *pom*, yaani ubani wa utomvu wa kopali. Alilizungusha taratibu, akipanda kidato kimoja kimoja, midomo ikicheza, na moshi ukawafunika wauza maua wasijali chochote. Mmoja alikuwa akihesabu chenji.

Ngazi hiyo na mlango mkubwa si vya mgeni. Hakuna atakayekukamata, lakini vina wenyewe. Zunguka upande wa kulia wa kanisa, upo mlango wa ubavuni; ingia hapo. Na kamera iwe ndani ya mfuko kabla hujavuka kizingiti, kwa sababu kupiga picha ndani ni marufuku kabisa, simu zikiwemo. Usijaribu kuiba hata moja. Ukitaka picha ya mji, panda ghorofa ya juu ya jengo la soko la mboga palepale uwanjani, uangalie chini: vitunguu, karoti, na vichwa vya akina mama vilivyofungwa nguo za rangi.

Ndani utakuta ukungu wa moshi, na picha za ukutani zimeshika masizi ya miaka mingi. Baina ya mabenchi, kuelekea madhabahuni, kuna majukwaa mafupi sakafuni. Hapo ndipo mtu hupiga magoti, akapanga mishumaa, akatawanya petali za waridi, akanyunyiza tone la pombe kali, kisha akasema na wazee wake. Watu wakubwa wa zamani walizikwa chini ya sakafu hiyo, kwa hiyo anayewaombea anawaombea walipo. Nilikaa benchi la nyuma nikamtazama mzee mmoja. Hakunong'ona hata kidogo. Alisema kama mtu anayedai deni lake, kidole hewani, akinyamaza kuwasha mshumaa mwingine kisha akiendelea pale alipoishia. Alipomaliza alijifanyia ishara ya msalaba, akaenda kugusa vazi la sanamu ya mtakatifu, akavaa kofia yake akatoka.

Umeuliza usali au utazame. Misa ni Misa: kaa, sali, pokea Ekaristi ikiwa uko tayari. Ya sakafuni si yako. Usiyakanyage, usiyainamie kuchungulia, usipige magoti pembeni ya mtu eti unashiriki. Mimi, kwa maoni yangu, sioni faida ya kukaa benchini ukigawa kichwani hiki cha Kimaya na hiki cha Kikatoliki. Mzee yule hakugawa. Ukimuuliza dini yake atakujibu Mkatoliki, na hatasita.

Ila nisikudanganye kwamba wote wameafikiana. Katika miaka ya 1950 vuguvugu la Wakatoliki wenyewe, Acción Católica, lilipiga vita mila hizi kote katika mkoa huo wa Quiché, na leo makanisa ya kilokole nayo hayataki kuzisikia. Kusini mwa mji kuna kilima chenye jiwe la kale, Pascual Abaj, uso wake mweusi kwa moshi, ambapo huchinjwa kuku na kuchomwa ubani. Jiwe hilo liliwahi kuvunjwavunjwa na watu wasiolipenda, likaunganishwa tena. Ni mwendo mfupi tu kwa miguu, lakini njia imewahi kuwa na vibaka. Usiende peke yako. Chukua kiongozi mwenye kitambulisho cha INGUAT, shirika la utalii la serikali. Ukikuta ibada inaendelea, simama mbali; wakikuashiria uondoke, ondoka. Namba ya msaada kwa watalii nchini humo ni 1500.

Usafiri. Kutoka Guatemala City ni kilomita 145 hivi, mwendo wa saa tatu kama barabara haijafungwa. Unafuata barabara kuu ya Pan-American kuelekea magharibi hadi njia panda ya Los Encuentros, unakata kaskazini, na hizo kilomita 17 za mwisho zinatumbukia korongoni na kupanda tena kwa kona ambazo dereva wa basi huzipenda kuliko abiria. Basi la kawaida, *camioneta*, ni basi kuukuu la shule kutoka Marekani lililopakwa rangi zote. Ni rahisi na limejaa. Siku za soko, Alhamisi na Jumapili, kuna vibasi vya wageni kutoka miji ya Antigua na Panajachel, ila vyenyewe hufika soko limeshashika moto na kuondoka mchana. Ndiyo sababu nimekwambia ulale. Jumamosi jioni utawaona wachuuzi wakisimamisha miti ya vibanda, wachukuzi wakipita na marobota mgongoni yaliyoshikiliwa kwa mkanda wa paji la uso, na alfajiri kanisa ni la wenyeji wenyewe. Kwangu mimi, saa hizo mbili kabla ya watalii ndizo safari yote.

Mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo beba sweta. Novemba mvua zimeshakatika. Bei ni kwa quetzal. Kuwa na noti ndogondogo. Blauzi ya kufumwa kwa mkono, *huipil*, huchukua miezi kuimaliza, basi patana kwa adabu, usikamie bei kana kwamba unanunua mtumba. Na ukishukuru, sema *maltyox*. Watacheka kidogo, watafurahi.

*Shangazi, mimi nina swali dogo tu. Sikukuu ya Mtakatifu Tomaso ni 3 Julai, lakini naona watu wanakwenda Chichicastenango Desemba. Wamekosea tarehe?*
*Msomaji mpenda sherehe*

Hawajakosea. Kanisa lilihamisha sikukuu hiyo hadi Julai katika kalenda mpya ya mwaka 1969. Zamani ilikuwa 21 Desemba, na Chichicastenango hawakuona sababu ya kuhama. Sherehe huchukua wiki nzima na kilele chake ni tarehe 21. Vyama vya udugu vya kanisa, *cofradía*, huwatoa watakatifu wao kwa maandamano, wakuu wake wakiwa na koti jeusi la sufu na fimbo zenye kichwa cha fedha. Wachezaji wa Ngoma ya Ushindi huvaa vinyago vya nyuso za waridi na nywele za dhahabu kumwigiza Alvarado na askari wake, mavazi yakiwa ya kukodi kutoka karakana maalumu ziitwazo *morería*. Kisha kuna mti mrefu uliosimamishwa uwanjani, ambao wanaume huuparamia na kujirusha kutoka kileleni wakiwa wamefungwa kamba, wakizunguka hadi chini. Mimi huko juu sipandi hata kwa kulipwa.

Vyumba hujaa mapema, agiza chako miezi kabla. Na fataki huanza kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo usimlalamikie mhudumu wa hoteli. Huenda ni yeye aliyeziwasha.