"Mkono mzito" au "hajaweza"?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi fundi cherehani hapa Moshi, ofisi yangu iko Kiboriloni, nafundisha mabinti wawili. Mmoja ana kipaji na namwambia kila siku, mwingine mkono mzito nae namwambia ukweli. Sasa yule wa kipaji anataka sketi tu, kola anaikwepa, na huyu wa pili siku nyingine haji kabisa. Ni maneno yangu au ni uvivu wao?

JIBU: Marahaba dadangu. Mi uvivu siuoni hapo, naona maneno yanachangia, tena kwa wote wawili. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walitoa utafiti wao, watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo, wengine wakasifiwa una akili wengine umejitahidi. Wale wa "una akili" wengi wakachagua kazi nyepesi, walipopewa ngumu wakakosa wakakata tamaa mapema, na wapo waliodanganya maksi zao! Binti yako wa sketi ndo huyo, ana jina la kulinda, kola ikipinda jina limeenda.

Huyu wa pili sasa. Kiswahili chetu kina "-ja-" na tunaisahau sana. Ukisema "hawezi kola" habari imeisha, ukisema "hajaweza kola" anajua bado mnaendelea. Mkono mzito ni kama umbile, atafanyaje?

Ila usije ukadhani ukibadili maneno tu kola itanyooka. Utafiti mwingine wa 2019, hukohuko Marekani, ulihusisha wanafunzi zaidi ya 12,000 waliopewa somo fupi kwamba uwezo unakua, maksi za waliokuwa nyuma zilipanda ila kidogo tu. Na "umejitahidi" ya bure haimsaidii mtu, binti anaiona kola yake imevimba kwenye ncha we unamsifia, atakuona muongo. Shika ile kola umwonyeshe kwa kidole, hapa hukupunguza kitambaa cha ndani kabla ya kugeuza ndo maana ncha imekuwa butu, fumua hapa tu, usifumue yote.

Yule wa sketi nae mpe kola, ila kwenye shati la mtumba lililochoka, lisiwe la mteja, na mwambie mapema kwamba za kwanza zitaharibika, hata zako ziliharibika.