Mafuriko, mapipa na joto la bati: majibu ya maswali yenu

Masika haya maswali mengi yametoka Dar es Salaam, hasa mabondeni. Nimeanza na yale yasiyoweza kusubiri.

Maji ya mafuriko yaliingia kisimani kwetu Kigogo. Sasa yametulia na ni meupe. Tuendelee kuyatumia?

Hapana. Mitaani kwetu choo cha shimo na kisima vimebanana, na mvua ikishika kasi wapo wanaotapisha vyoo ili mkondo uwazolee bure. Hicho kinyesi kimeingia kisimani mwenu, na kipindupindu hakibadilishi rangi ya maji. Mwiteni bwana afya, kisima kisafishwe na kutiwa klorini. Kwa sasa maji ya kunywa yachemke hadi yatokote. Anayeharisha maji kama yaliyooshewa mchele aanze ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) mara moja; ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Aendelee kunywa huku mkimpeleka zahanati. Mnaozoa tope vaeni buti, kwani mkojo wa panya huleta homa ya mgunda (leptospirosis).

Mgao wa maji ulitufanya tununue mapipa. Sasa nyumba nzima ina homa, na kipimo hakioni malaria.

Fikirieni kidingapopo (dengue), na mkapimwe. Wengi hudhani mbu ni wa mvua tu. Oktoba 2022, mto Ruvu unaoilisha Dar maji ulipopungua na mgao ukatangazwa, kila uwani palijaa ndoo na madumu, na mbu wa Aedes, anayeeneza kidingapopo, anapenda maji ya namna hiyo hiyo: yaliyotulia, yasiyo machafu. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Kufunika pipa ni nusu ya kazi. Mayai hunata ukutani mwa pipa na kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji, basi kila wiki limwageni na kulisugua kwa brashi.

Homa ishushwe kwa paracetamol. Aspirini, diclofenac na ibuprofen msiziguse, hata muuza duka akisema zina nguvu zaidi, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Na msishangilie homa ikishuka, kwani hapo ndipo hatari huanza. Tumbo likiuma sana, mtu akitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, hospitali, hata kama ni usiku.

Watu wa mipango miji nao wanielewe: mji usiotoa maji ya bomba kwa uhakika wakati wa ukame unafuga mbu kila nyumba, na dawa ya kupuliza haitaziba pengo hilo.

Tumejengewa mfereji, mbu wameongezeka. Kwa nini?

Hauna mteremko, au umejaa taka. Kwenye kikao cha mtaa ulizeni nani anauzibua na kwa fungu gani. Mfereji usio na mwenyewe ni dimbwi refu.

Tunahamishwa kutoka bonde la Msimbazi. Kiafya ni afadhali?

Kwa mafuriko, ndiyo. Yale ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Ila waliopelekwa Mabwepande baadaye walijikuta mbali na mji na riziki zao, na umbali nao huumiza: dozi ya kifua kikuu hukatika, mjamzito huruka kliniki. Kabla hujapokea fidia, jua zahanati ya huko iko wapi na omba barua ya uhamisho wa matibabu. Sipingi kuhama, napinga kuhesabu nyumba na kusahau wagonjwa waliomo.

Chumba cha bati hakilaliki Februari, na nina mtoto mchanga. Feni inafaa?

Inafaa mradi joto la chumbani halijafika nyuzi 40, kwani kuanzia hapo feni humzidishia mtu joto; hewa ya nje ya Dar haifiki huko. Isimpulize mtoto moja kwa moja. Mpanguse kwa kitambaa chenye maji, mvue nguo nzito, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji ya kunywa, maziwa ya mama yanatosha. Mwenye nyumba mwombeni apige silingi bodi, au angalau apake bati rangi nyeupe.