Sensa ikisoma 85 usiizibe mdomo

"Kaka naomba msaada, sensa yangu ya joto inasoma 85 wakati nimeitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya baridi, nimeshabadilisha sensa tatu zote zinasoma hivyohivyo, hivi hawa watu wanatuuzia feki?"

Meseji hiyo imeingia Jumanne usiku, jamaa yuko Kasulu, anafunga mfumo wa kuendesha vifaa vya nyumba yake mwenyewe kwa simu. Nilicheka mpaka wife akauliza naongea na nani. Sikumcheka yeye jamani. Namba 85 mimi naijua vizuri, imenilia laki tatu na nusu pamoja na jina langu lote pale mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, na kwa kuwa kila mwezi lazima mtu aniulize swali lilelile basi leo naimwaga yote. (Na nikisema sensa ni kidude cha kupimia, sio ile ya kuhesabu watu ya 2022, mama yangu mpaka leo anajua mimi niliajiriwa kuhesabu kaya.)

Iko hivi. Kuna mzee mmoja Mwanga ana nyumba ya vyumba vingi na kisima uani, pampu inavuta maji inapandisha kwenye simtanki juu ya mnara. Nikamfungia ESP32, yaani kijibodi chenye WiFi ambacho ndo ubongo wa mfumo, relei (swichi inayoendeshwa na bodi) ya kuwasha pampu, kipimo cha maji kwenye tanki, halafu nikaongeza sensa ya joto ya DS18B20, ile yenye kichwa cha chuma, nimeifunga kwenye mwili wa pampu kwa kibano ili pampu ikipata moto zaidi ya nyuzi 65 izimwe yenyewe. Kila kitu anakiona kwenye simu kupitia Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Mzee alifurahi huyo, akawa anawaonyesha wageni, "ona, pampu yangu iko 38 sasa hivi", kijana wa Gungu nikawa naitwa injinia mtaani. Sina hata cheti, nimejifunzia kwenye simu kama nyie tu.

Wiki ya pili pampu ikaanza kujizima ovyo. Naangalia grafu: 38, 38, 39, 85, 39. Yaani inapanda ghafla mpaka 85 kamili, sio 84 sio 86, halafu inarudi. Mtu mwenye akili angejiuliza chuma cha pampu kinaruka nyuzi arobaini na kitu kwa sekunde chache kwa moto wa wapi. Mimi nikasema aah, sensa za bei rahisi hizi. Nikakaa kwenye kiti nyumbani kwangu, sijaenda hata site, nikaongeza mistari miwili kwenye programu: ikisoma 85 ipuuze, ikisoma -127 ipuuze, shikilia namba ya mwisho iliyokuwa nzuri. Grafu ikatulia. Nikapiga picha ya skrini nikaweka status, "tatizo limeisha dakika tano".

Mwezi wa tisa kiangazi kimekolea, kisima kikashuka. Pampu ikawa inavuta hewa, tanki halijajaa kwa hiyo mfumo unaiacha iendelee, na mlinzi pekee aliyebaki ni ile sensa ya joto. Mzee alikuwa msibani Ujiji. Aliporudi jioni alikuta harufu ya waya kuungua mpaka barabarani. Kwenye simu yake pampu inasoma 38.

Usiku ule nilifungua grafu na hii picha sitaisahau. Mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula, 38 saa mbili na nusu nzima, hakuna hata pointi moja ya kupanda wala kushuka. Sensa iliyo hai haitulii hivyo, kila siku hucheza kidogo, 38.1, 37.9. Sensa ilishakufa zamani, programu yangu ndo ilikuwa inamsomea mzee namba ya marehemu.

Asubuhi nikaenda na multimita, kile kipimo cha umeme, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza. Nikapima umeme kwenye mguu wa sensa kule kwenye pampu: 3.1, 2.7, 2.9, inacheza. DS18B20 inataka isipungue volti 3. Nikafuata waya nyuma mita kama tisa hivi, na nilikuwa nimeupitisha kwenye bomba moja na waya wa umeme mkubwa wa pampu (msinicheke), mpaka nikafika kwenye kiungio nilichosokota kwa mkono na kuzungushia tepu nyeusi, kiko chini ya ukingo wa bati, maji ya mvua na umande yanadondokea hapohapo. Nikabandua tepu. Shaba imekuwa kijani, ile kijani ya sarafu iliyookotwa, nikavuta kidogo waya mmoja ukabaki mkononi.

Basi. Hakuna feki hapo. Sensa ilikuwa inasema ukweli tangu mwanzo kwa lugha yake. Hiyo 85 ndo namba inayokaa ndani ya DS18B20 kila inapowashwa upya, kabla haijapima chochote. Ukiiona maana yake ni mawili, aidha umeme wake ulikatika katikati ikajiwasha upya, au umeisoma haraka mno, maana kipimo kamili cha biti 12, yaani kile chenye usahihi mdogo zaidi wa nukta, kinaweza kuchukua mpaka milisekunde 750 na wewe unaidai jibu kabla. Na -127 sio baridi ya mlima wowote, ni programu inakwambia sijampata huyu mtu kabisa, waya umekatika au haujashika. Mimi nilizichukua zote mbili nikazitupa.

Nilinunua pampu mpya kwa hela yangu. Mzee hakunitukana, angenitukana ningepona haraka. Alinyamaza tu, halafu siku namalizia kufunga akaja fundi umeme mmoja wa palepale akasema mbele ya watu, "hivi vidude vya intaneti, swichi ya kawaida haidanganyi." Nikameza. Mpaka leo nikipita ile njia naangalia upande wa pili.

Safari hii waya nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikauvisha mpira wa kusinyaa kwa moto, kiungio kikaingia ndani ya kiboksi, waya wa sensa ukapata bomba lake mbali na ule mkubwa, na rezista (kizuizi cha umeme) ya kilo-om 4.7 kati ya waya wa data na waya wa chanya, ambayo mara ya kwanza nilikuwa nimeikosa nikaweka ya kilo 10 nikasema itafaa. Kwenye programu nikageuza kabisa: ikikosa namba ya kuaminika mara tatu mfululizo, pampu inazimwa na mzee anapata meseji.

Kwa hiyo wewe unayetaka kufunga nyumba yako, na najua mnataka maana meseji zenu naziona, pima umeme kwanza. Usipime kwenye bodi, pima kule mwisho kwenye sensa, na pima wakati relei inawaka maana ndo hapo umeme wa chaja ya simu ya buku tano mnayoilishia bodi unaposhuka. Viungio navyo viangalie kwa macho sio kwa kuwaza. Ukitaka kujua kama sensa ni nzima chukua barafu kwa jirani mwenye friji, ponda, weka kwenye glasi na maji kidogo, koroga, tumbukiza kichwa subiri, isome karibu na sifuri, na DS18B20 nzima haitakiwi kupishana zaidi ya nusu nyuzi. Ikifaulu hapo acha kuisingizia. Na kuna wengine wanalia sensa inasoma 44 mchana wakati sebuleni kuna 29, ukiuliza umeifunga wapi, chini ya bati. Sasa bati la Kigoma saa saba mchana unataka lisome ngapi? Hiyo haijakosea, wewe ndo umeipeleka jikoni.

Vijana tunapenda grafu nzuri kuliko grafu ya kweli, tunapaka rangi juu ya ufa, na tuna haraka ya kuweka status. Namba mbaya ikitokea kaa nayo, iheshimu, jiulize inatoka wapi kabla hujaandika mstari hata mmoja wa kuificha. Na pima umeme. Nimeshasema eeh, narudia tena.

Jamaa wa Kasulu nilimwambia haya kwa kifupi, apime mwisho wa waya. Akapima, 2.6. Alikuwa ametumia waya wa spika uliobaki kwenye redio ya babu yake, umechakaa balaa. Akabadilisha, akapata 24, akakaa kimya siku tatu, asante hamna.

Leo asubuhi ameibuka tena: "Kaka sasa inasoma -127."

Nimemjibu neno moja tu. Waya.