Jibu: Kiyoyozi cha pikapu kinapoza njiani tu
Ndugu, umeeleza kwamba kiyoyozi cha pikapu yako ya mwaka 1997 hupoza vizuri unapokwenda kasi kuelekea Ahero, lakini hutoa hewa vuguvugu unapokwama kwenye msongamano wa Kondele. Dalili hiyo inanifanya nishuku kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta na ambayo hutoa nje joto la gesi ya kiyoyozi, kabla ya kushuku upungufu wa gesi hiyo, kwa sababu gari linapokimbia upepo hufanya kazi ambayo feni inapaswa kuifanya likiwa limesimama. Chunguza mapezi ya kondensa, yaani vibati vyake vyembamba: hapa Kisumu wadudu wa ziwani na vumbi hujaa humo, na maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi huutoa uchafu huo bila kuyapinda.

Ikiwa feni yako huendeshwa na mkanda, izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa lakini bado ina joto. Ikizunguka kwa wepesi bila kukinza, klachi ya feni, inayoiunganisha na injini, imechoka.

Tafadhali usikubali kuongezewa gesi kabla fundi hajapima shinikizo la pande zote mbili za mfumo, ule wa juu na ule wa chini, kwani gesi iliyozidi hupunguza ubaridi na kuiumiza kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi. Kama kweli gesi inavuja, mafuta yanayotoka pamoja nayo na kunasa vumbi kwenye maungio ya mabomba yatakuonyesha mahali.