Maswali ya Wasomaji: Mshono Mweusi Ndani ya Bomba

Swali: Ninachomelea kwa tigi (uchomeleaji wa umeme unaokingwa kwa gesi) mabomba ya chuma kisichoshika kutu ya kiwanda cha maziwa. Kwa nje mshono unang'aa, lakini ndani una magamba meusi. Sababu ni nini?

Jibu: Ndugu msomaji, gesi ya agoni itokayo kwenye tochi ya kuchomelea hulinda upande wa nje tu. Ndani ya bomba, oksijeni ya hewa hukutana na chuma kilichoyeyuka na kuunguza kromiamu, ambayo ndiyo kinga yake dhidi ya kutu, ikaacha magamba ambamo mabaki ya maziwa hujificha na kuzalisha bakteria.

Ziba ncha zote mbili, uingize agoni kwa chini na kuacha tundu dogo juu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kisha usiwashe tochi mpaka kipimo kionyeshe oksijeni chini ya asilimia 0.1. Mtiririko uwe wa taratibu, maana shinikizo likizidi hurudisha nje chuma kilicho majimaji. Gesi ya ndani iendelee hadi mshono upoe.

Viungo vilivyokwisha kuungua, nakusihi, vikate uvirudie. Chakula cha watu kitapita humo.